P2, mimba na dhamiri ya anayesimama kaunta

Swali lililoulizwa ni hili: mwanafunzi wa famasia anayepinga utoaji mimba, akipelekwa mazoezini kwenye duka la dawa mtaani hapa Nairobi, anaweza kuuza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, bila kuisaliti dhamiri yake? Na akija msichana ambaye tayari ni mjamzito anataka "dawa ya kutoa", amjibu vipi?

Najibu nikiwa mwanafunzi wa famasia pia. Naamini uhai wa mimba una thamani tangu mwanzo. P2 nauza, na anayevuja damu simfukuzi. Sioni mgongano hapo, ila inabidi mtu ajue dawa yenyewe inafanya nini.

P2 ni levonorgestreli miligramu 1.5, iwe kwa kidonge kimoja au viwili vya 0.75. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Ikimezwa kabla homoni ya LH, inayoliamuru yai litoke, haijaanza kupanda kwa kasi, yai linabaki ndani na mbegu, ambazo huishi hadi siku 5, zinakufa bila kulikuta. Kama yai limeshatoka, dawa haina la kufanya. Kama mimba imeshatunga, haiitoi wala haimdhuru mtoto. Desemba 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilirekebisha maelezo ya dawa hii, ikafuta maneno kwamba huenda inazuia yai lililorutubishwa kujishikiza kwenye mji wa mimba, kwa sababu ushahidi haukuonyesha hivyo. Katiba yetu, kifungu cha 26(2), inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Hata anayeshika maneno hayo neno kwa neno hana sababu ya kuificha P2 chini ya kaunta. Anayeificha anawaongeza watakaorudi baada ya mwezi wakiwa na swali la pili.

Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kuiuza kama peremende: pesa mkono huu, pakiti mkono ule, bila swali hata moja. Muulize mteja kwa sauti ya chini, pembeni na foleni. Tendo lilikuwa lini? Maelezo ya dawa yanasema ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Ikiwa imeshachelewa, apime mimba kwanza. Kisha lile ambalo wengi hulisahau: anatumia dawa gani nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu, kabamazepini na fenitoini za kifafa, na efavirenzi ya HIV huchochea ini livunjevunje levonorgestreli upesi, kwa hiyo dozi ya kawaida haitoshi. Huyo apewe mara mbili, miligramu 3 kwa pamoja, au bora zaidi apelekwe kliniki akawekewe koili ya shaba ndani ya siku 5. Anayetumia dolutegraviri, dawa nyingine ya HIV, hana tatizo hilo. Mwenye uzito wa zaidi ya kilo 70 naye aambiwe wazi kwamba kidonge kinaweza kumwangusha na koili ndiyo njia ya uhakika.

Akitapika katika saa 2 au 3 za mwanzo, arudie dozi. Na asiondoke bila kusikia hili: yai limecheleweshwa tu, linaweza kutoka siku chache baadaye. Akikutana na mwanamume tena wiki hiyo bila kinga, P2 ya juzi haimlindi. Wengi wanaosema "nilimeza na bado nikashika mimba" waliponzwa na hapo. Baada ya wiki 3 apime mimba.

Kama alilazimishwa, usimalizane naye kwa P2 peke yake. Anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa za kuzuia HIV mwisho wake ni saa 72.

Sasa yule aliye mjamzito tayari. Kifungu cha 26(4) kinakataza utoaji mimba isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mimi nakubaliana na nafasi hiyo, maana kumwacha mama afe hakumwokoi mtoto. Uamuzi huo ni wa kliniki, na mwanafunzi wa kaunta hana mamlaka nao. Mpeleke kwa mtu anayeweza kumpima kweli.

Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni misoprostoli, dawa inayotoa mimba, inayokatwa kutoka pakiti na kufungwa kwenye bahasha isiyo na jina. Dawa hiyo huharibiwa na unyevu. Ukiitoa kwenye karatasi yake ya alumini nguvu inashuka, na mnunuzi hajui alichomeza, kiasi gani, wala mimba ina wiki ngapi. Akiwa na mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, atakaa akidhani damu na maumivu ni dawa inafanya kazi, kumbe mrija unapasuka. Makadirio ya Wizara ya Afya na APHRC, kituo cha utafiti wa afya kilichoko Nairobi, kwa mwaka 2012 yalikuwa karibu mimba 465,000 zilizotolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 waliotibiwa kwa madhara yake.

Akija mtu anayejaza pedi 2 kwa saa kwa saa 2 mfululizo, ana homa, uchafu unaonuka, maumivu makali ya upande mmoja au kizunguzungu, usimhoji alifanya nini. Muite msimamizi, mtafutieni gari hadi hospitali. Kifungu cha 43(2) kinasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura, na kumtibu aliyeharibikiwa na mimba si kosa, hata iwe iliharibika vipi.

Na kama baada ya yote haya dhamiri yako bado inakataa kuuza P2, mwambie msimamizi kabla ya zamu, mkubaliane nani ataihudumia. Usingoje mteja afike kaunta akiwa na saa ya 70 ndipo umwambie zimeisha.