Kiti Kilichonifundisha Nani Ni Nani Kwenye Seti

Wiki yangu ya kwanza kwenye seti ya filamu nilisogeza kiti. Kilinizuia nikipitisha waya, nikakisukuma kama hatua moja, nikaendelea na kazi. Baada ya muda mama mmoja mwenye skripti mapajani akainua mkono, shughuli zikasimama. Alikuwa mtunza mwendelezo, yule anayehakikisha vitu havibadiliki kati ya shoti, yaani kipande kimoja cha picha, na nyingine. Akamwonyesha mwongozaji picha aliyoipiga asubuhi, kiti kikiwa mahali pake. Shoti mbili tulizokwisha kuchukua zikawa haziungani tena na zile za mwanzo. Hakuna aliyenifokea, na ule ukimya wao uliniumiza kuliko makaripio.

Nakuandikia wewe unayeanza, maana ni kupitia kiti kile nilipoanza kuelewa kazi za watu.

Aliyekiweka pale ni mbunifu wa mandhari. Alikuwa ameisoma skripti, akamwelewa yule mjane wa kwenye hadithi kuwa hapendi kutazama nje, ndipo akakigeuzia kiti mgongo dirishani. Mpiga picha mkuu akapanga taa zake na kuchagua lenzi kwa kukifuata kiti hicho. Kikisogea hatua moja, uso wa mwigizaji unaingia kizani, na msaidizi wa mpiga picha anayeshika fokasi, yaani ukali wa picha, anabaki na vipimo vya umbali usiokuwepo tena. Mtu wa mavazi naye alikwisha kuchagua gauni ambalo rangi yake haitamezwa na kitambaa cha kiti. Watu wote hao walikuwa wamefikiri, mimi nikasukuma.

Usidhani basi kwamba mwongozaji ndiye anayebuni kila kitu. Kazi yake ni kuhakikisha wote hawa wanasimulia hadithi moja. Mwongozaji wa Marekani Orson Welles alilijua hilo: katika filamu yake Citizen Kane, mwaka 1941, jina la mpiga picha wake Gregg Toland liliwekwa pamoja na lake kwenye kadi moja ya majina. Napenda sana heshima ile.

Kwa hiyo ukiwa na swali, lipeleke kwa mwenye uamuzi. Kikombe kivunjike, mwambie mtu wa vifaa vya seti. Ukiwa hujui wa kumwendea, muulize msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, kwani ndiye anayeshika ratiba na anayejua nini kinafuata. Mtayarishaji utamwona mara chache, ila bila yeye hakuna fedha wala ruhusa za kupiga picha.

Sasa sauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wageni wengi huitazama kamera tu. Fundi sauti anasikia tusivyovisikia: feni ya chumba cha pili, viatu vyako, mngurumo wa friji. Niliyefanya naye kazi alikuwa akiizima friji ya nyumba tuliyoazima, kisha anaweka funguo za gari lake ndani yake. Nikamuuliza kwa nini. "Siwezi kuondoka bila funguo," akasema, "kwa hiyo siwezi kusahau kuiwasha." Mwisho wa kila tukio aliomba sote tusimame kimya nusu dakika, arekodi chumba kitupu. Ule ukimya ndio mhariri anaoutandaza chini ya mazungumzo ili sauti isikatike ghafla anapounganisha shoti. Ukiombwa kutulia, tulia kweli, hata mguu usiubadilishe.

Ukipata nafasi, omba kukaa na mhariri siku moja. Mimi nilijifunza mengi kwenye kile chumba chake kuliko mwezi mzima wa kubeba taa. Ndiko nilikojua kwa nini kibao chenye namba ya shoti hugongwa: picha na sauti hurekodiwa kwenye mashine mbili, na mhariri huoanisha pale kibao kinapofunga na pale mlio unaposikika. Nikigonga kibao huku nikinong'ona namba ya shoti, yeye huhangaika kuitafuta.

Siku hiyo alikuwa akitafuta mtazamo mmoja wa yule mjane. Alipitia shoti tano nzuri, akaziacha zote. Aliuchukua ule wa mwisho kabisa, maneno yalipokuwa yamekwisha na mwongozaji bado hajasema "kata": mwigizaji alishusha pumzi, akageuza kichwa kidogo kuelekea dirishani. Ulikuwa wa sekunde tatu. Kwenye ukingo wa fremu, sekunde ya nne, niliuona mkono wangu ukianza kukunja waya.