Mpwa wangu, injini usiuze

Mpwa wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi, ikabidi nizime, maana unaongea kama unashindana na jenereta. Unasema umeona jina langu mwishoni mwa filamu, umelipiga picha, imesambaa mpaka Ujiji, na sasa unataka kuuza injini ya mtumbwi uje London usomee kazi ya mjomba. Nyuma yako nikamsikia mama yako: "Muulize na kwa nini miaka minne haji." Nawajibu wote wawili. Msinune.

Jina lenyewe lilikaa kwenye kioo muda wa mtu kupiga chafya. Na juu yake paliandikwa "wasaidizi wa mhariri", hapo hukupapiga picha. Msaidizi ndiye anayepokea diski usiku, anatoa nakala tatu na kuhakikisha moja inalala jengo jingine moto usije ukala zote, anaoanisha sauti na picha kwa mlio wa kile kibao kinachogongwa, anaandika kila kipande kina nini. Asubuhi mhariri mwenyewe anaingia na kahawa yake, anakuta meza imeandaliwa. Kabla ya hapo nilikuwa tarishi mwaka mzima pale Soho, ambako ofisi za filamu zimebanana kama vibanda vya soko la Mwanga. Nachemsha chai, naosha vikombe, nabeba diski kwenye mvua. Mimi, mpiga video za harusi, ambaye Kigoma watu walikuwa wakisogeza tarehe ya harusi ili wanipate!

Tuje kwenye hela, maana najua ndiyo mnayoitaka. Chumba nalipa pauni 850 kwa mwezi, na jikoni tunapishana watu watano. Wengi wetu hatuna ajira ya kudumu. Unaitwa kwa kazi ya wiki sita au miezi mitatu, ikiisha unakaa na simu mkononi. Unapeleka ankara, wanasema siku 30. Kampuni moja ilinilipa mwezi wa nne tangu nipeleke ankara, baada ya barua pepe ambazo hata mimi nilianza kuzionea aibu. Kodi ya serikali kila mtu anajilipia, mwisho tarehe 31 Januari, na hapo haulizwi mtu kama alilipwa. Mnachopokea nyumbani ni cha mwezi mzuri. Mwezi mbaya nawaambia mtandao unasumbua. Dada, nisamehe, haukuwa mtandao.

Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa wavuvi 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, dagaa wazaliane? Sisi letu lilifungwa mwaka mmoja kabla. Mei 2023 waandishi wa filamu Marekani waligoma, Julai wakafuata waigizaji, na hawa hawakurudi kazini mpaka Novemba. Utasema Marekani na Uingereza wapi na wapi. Kumbe kazi nyingi zinazopigwa huku zina hela ya kule. Simu ikanyamaza. Nilipanga maboksi ghalani usiku, na ile picha niliyowatumia nimevaa koti la kung'aa mkasema nimeula, ilikuwa sare ya ghala.

Ndiyo sababu siji, dada. Nauli kuna wakati ninayo. Ninachoogopa ni mwenye kazi kunipigia nikiwa nakula migebuka mwaloni Kibirizi, akanikosa, akampigia anayefuata. Mara nyingi anayefuata harudishi nafasi.

Lakini kazi naipenda, mpwa wangu, nisikudanganye. Sinema ina fremu, yaani picha mojamoja, 24 kwa sekunde. Filamu ya dakika 90 ni fremu 129,600. Siku moja nilimwona mhariri na mwongozaji wakibishania fremu sita kutwa nzima: mwanamke ageuke kabla mlango haujafungwa, au baada? Akigeuka kabla, anamwita mume. Akigeuka baada, amechelewa. Fremu sita, ndoa nzima.

Kosa langu la kwanza huku lilitoka Mwanga. Walinipa kipande nijaribu kukata, nikamwacha kila mtu ainuke, aage, atembee mpaka mlangoni. Mhariri akaniuliza, hawa wanalipwa kwa hatua? Mimi nimefunzwa na harusi: aliyechanga lazima aonekane, na ukimkata shangazi aliyeleta kitenge hulipwi salio. Ila harusi hizohizo zilinipa mengine. Umeme wa Kigoma ulinifundisha kuhifadhi kazi kila baada ya dakika tano. Mpaka leo wenzangu wananicheka, mpaka siku kompyuta inapozima. Na jicho la kumtafuta mama wa bibi harusi wakati wote wanamtazama bibi harusi, hilo nalo nilikuja nalo.

Umaarufu usahau. Kibanda umiza kizima kinamjua steringi, Robert De Niro. Nani anamjua Thelma Schoonmaker? Kazaliwa Algiers, Afrika hiihii, mwaka 1940, ana Oscar tatu za uhariri, ya kwanza kwa filamu ambayo De Niro huyohuyo alicheza bondia. Mtaani kwetu angepita bila kusalimiwa.

Kwa hiyo injini usiuze. Ifanye kazi, ikununulie kompyuta yenye nguvu. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri filamu, ina toleo la bure, na watu wanakatia filamu za kweli. Ada ya chuo cha huku ingemeza injini, mtumbwi na nyavu, halafu ungeanzia palepale kwenye vikombe.

Kazi ya kwanza nakupa mimi. Nenda Kibirizi alfajiri mitumbwi ikirudi, piga picha saa nzima, unikatie dakika tatu. Muziki usiweke hata kidogo. Na wakiaga, usiwasindikize.