Daktari Akujibu: Gredi 2 ya meninjioma sio steji ya pili

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ana miaka 46, juzijuzi kafanyiwa opereshini ya kichwa akatolewa uvimbe, na baada ya hapo tuliambiwa kabisa hii sio kansa, tukarudi nyumbani na furaha zetu. Sasa majibu ya maabara yametoka, yameandikwa meninjioma atipiko, WHO gredi 2, alafu kwenye karatasi ya opereshini nako kuna Simpson 2. Shemeji kashapigia simu ukoo mzima kwamba ni kansa steji ya pili, na daktari mwingine anazungumzia mionzi. Hivi tumuamini nani? – Mama R., Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana kwa kuuguza. Kwanza mpigie shemeji simu sasa hivi maana hapo kwenye steji kachanganya mambo. Steji ni ya kupima kansa imesambaa mpaka wapi mwilini, kama ile ya titi au ya kizazi, na meninjioma haihesabiwi hivyo kabisa, huu ni uvimbe unaoota kwenye tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo na mara nyingi sana unabaki hapohapo ulipoota, hauendi kwenye ini wala mapafu isipokuwa mara chache mno na zaidi ni ile ya gredi 3. Gredi inaangalia kitu kingine, tabia ya seli zenyewe zikiwekwa chini ya hadubini, yaani zinagawanyika kwa kasi gani na uwezekano wa uvimbe kurudi ukoje.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linazigawa meninjioma kwenye gredi 3, na mwongozo unaotumika sasa ni wa mwaka 2021. Gredi 1 ndo nyingi, kama asilimia 80 hivi, zinakua taratibu na nyingi zikitolewa zote ndo imetoka. Gredi 3 ni chache sana na hiyo ndo tunaiita kansa bila kuficha. Ya dada yako iko katikati, na kule kwenye usajili wa vivimbe, hiyo atipiko (yaani isiyo ya kawaida) imewekwa kwenye kundi la mpakani, kati ya uvimbe wa kawaida na kansa, kwa hiyo aliyewaambia sio kansa hakuwadanganya, ila alisema kabla maabara haijaongea, na gredi haijulikani mpaka nyama iliyotolewa isomwe.

Sasa maabara wanafikaje kwenye hiyo 2? Mtaalamu wa patholojia anahesabu seli zilizokamatwa zikiwa zinajigawa, kwenye maeneo 10 ya hadubini yanayofuatana. Akikuta kuanzia 4 mpaka 19 hiyo ni gredi 2, zikifika 20 au zaidi ni gredi 3. Hata hesabu ikiwa ndogo, uvimbe ukiwa umeingia ndani ya ubongo wenyewe badala ya kuusukuma tu, ni gredi 2 vilevile, na hiki kigezo kimeanza kusimama peke yake mwaka 2016, ndo maana mgonjwa wa zamani aliyeandikiwa 1 leo angeweza kuandikiwa 2. Njia ya tatu ni dalili 5 ambazo zikionekana 3 zinatosha: seli kusongamana, seli ndogondogo zenye kiini kikubwa, viini vyenye doa linaloonekana wazi, seli kupoteza mpangilio wake zikatandaa tu, na sehemu za uvimbe zilizokufa zenyewe. Na kuna aina 2, ya kodoidi na ya seli angavu, hizo zinaingia gredi 2 kwa jina lake tu bila kuhesabu chochote. Kwa hiyo mama kaitazame ripoti vizuri, lazima iseme ni kwa sababu ipi, na kama haijasema mna haki kabisa ya kurudi kuuliza.

Siku hizi jeni nazo zinaingia kwenye gredi. Uvimbe ukikutwa na badiliko la jeni ya TERT, au umepoteza kabisa jeni za CDKN2A/B, unapanda moja kwa moja gredi 3 hata kama kwenye hadubini unaonekana mpole. Si kila maabara inafanya kipimo hiki.

Ile Simpson 2 haihusiani kabisa na gredi ya WHO, na inaniuma nikiona familia inalia kwa sababu ya namba ambayo kiukweli ni habari nzuri. Simpson ni daktari wa upasuaji aliyetoa kipimo chake mwaka 1957 kuonyesha uvimbe umetolewa kiasi gani, 1 ni wote pamoja na utando ulipoota na mfupa ulioharibika, 2 ni wote ila ule utando umeunguzwa badala ya kukatwa, 3 utando umeachwa bila kuguswa, 4 uvimbe wenyewe umebaki kidogo, 5 wamechukua kipande tu au kupunguza mgandamizo. Dada yako katolewa uvimbe wote unaoonekana.

Na mionzi? Kwa gredi 3 hatubishani, inatolewa. Gredi 2 ikibaki kidogo, wengi tunashauri mionzi. Gredi 2 iliyotoka yote kama hii, hapo madaktari wenyewe hatujakubaliana, wengine wanatoa mapema na wengine wanafuatilia kwa picha za MRI wakaanza mionzi ikionekana imerudi, kwa hiyo hao madaktari wenu hawapingani. Nendeni hospitali ya Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza) na ripoti zote 2 pamoja na picha za kabla na baada ya opereshini, mkae na daktari wa mionzi. Mkichagua kusubiri basi MRI zisirukwe hata kama dada anajisikia mzima.

SWALI: Nimekutwa na meninjioma ya sentimita 2 kwa bahati tu, nilipigwa picha baada ya ajali ya bodaboda. Ni gredi gani? Na je niendelee na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3? – Msomaji, Tanga

JIBU: Picha inaweza kutupa dokezo lakini haitoi gredi, na ukubwa nao sio gredi. Ndogo isiyo na dalili mara nyingi tunaifuatilia tu kwa MRI. Kuhusu sindano, naomba usichome inayofuata kabla hujaongea na kliniki. Uvimbe huu mara nyingi una vipokezi (sehemu za seli zinazopokea homoni) vya projesteroni, na sindano hiyo ina homoni ya jamii hiyohiyo, na utafiti wa Ufaransa uliotoka 2024 ulikuta waliotumia sindano hiyo mwaka mmoja au zaidi walikuwa na uwezekano mara 5.6 wa kufanyiwa opereshini ya meninjioma ukilinganisha na wasioitumia. Kwa mwanamke asiye na uvimbe, hatari bado ni ndogo sana, asikimbie sindano kwa ajili ya jibu langu hili, lakini wewe tayari unao, waambie wakubadilishie njia, kitanzi cha kopa hakina homoni kabisa.