Sweta linabana kwapani

SWALI: Shikamoo shangazi. Nafuma sweta la mwanangu, yuko chuo Nairobi na baridi ya huko yamsumbua. Nimeanzia shingoni kushuka chini, sindano ya mviringo, sitaki kushona ubavuni. Sasa kwapani labana, na nikijaribu kuunga panabaki tundu. Nifanyeje? – Mama wa Langoni, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo umetenga mikono mapema, yaani umeitoa mishono ya mikono kwenye sindano kabla haijatosha, wengi twakosea hapohapo. Tuseme mishono 18 yakupa sentimita 10, umeanza na 88 shingoni, yaani 32 mgongo, 32 kifua na 12 kila mkono, basi unafunga vijiuzi vya rangi nyengine pale pembe nne mwili unapokutana na mikono, na kila mzunguko wa pili unaongeza mshono huku na huku ya kila kijiuzi, ni 8 kwa jumla. Ukishaongeza mara 24 utakuwa na 280, mkono 60, mgongo 80. Hapo ndo utenge, mishono ya mikono uipitishe kwenye kipande cha uzi mwengine ingoje, kisha uanzishe mishono 6 mipya kila kwapa, mwili uwe 172, kama sentimita 95 kifuani. Bila hiyo 6 lazima libane!

Tundu nalo dogo: ukirudi kufuma mkono okota mishono 8 hapo kwapani badala ya 6, zile 2 za pembeni uzifume pamoja na jirani zake mzunguko unaofuata.

Yako fumua tu mpaka pale ulipotenga, usilie. Mwana akija likizo mjaribishe kabla hujafunga chini.