Gari linaelea mvua ikinyesha: upepo, kashata na yale matairi ya Japani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Noah, napakia abiria kati ya Mtwara na Masasi. Matairi ni 195/65R15. Msimu uliopita mvua zilipochanganya, gari lilielea mara mbili nikiwa kwenye 80, mara moja baada ya kupita Mtama na nyingine karibu na Ndanda. Usukani ukawa mwepesi ghafla, injini ikapaza sauti, kisha gari likashika tena. Fundi wa kwanza kanishauri nishushe upepo hadi 25 ili tairi lilale vizuri kwenye lami. Wa pili anasema matairi ya mbele yamebaki na kashata kidogo (yale matuta ya mpira yenye mifereji yanayogusa lami), atanichongea mifereji upya kwa kisu. Na kuna jamaa ananiuzia matairi manne ya mtumba kutoka Japani, kashata zimesimama kama mapya, ubavuni yameandikwa STUDLESS. Anasema hayo ndiyo matairi ya mvua. Nifanye lipi kabla ya Novemba? – Dereva, Mtwara Mjini

JIBU: Ndugu dereva, usifanye hata moja kati ya hayo matatu. Upepo uache juu, kisu cha kuchongea kikae mbali na matairi yako, na ya Japani mwachie mwenyewe. Nakueleza sababu moja moja, kwa sababu ukiishajua tairi linavyofanya kazi kwenye maji, muuzaji atapata tabu kukudanganya.

Kilichokupata ni kwamba maji yaliingia chini ya tairi haraka kuliko yalivyotoka. Tairi la 195 linagusa lami kwa upana wa sentimita 15 hivi. Ukiwa kwenye 80 na lami ina maji ya kina cha milimita 3, kila tairi la mbele linakutana na kama lita 10 za maji kwa sekunde, yaani nusu ya ndoo kubwa, na sekunde inayofuata nusu nyingine. Maji hayo yana njia mbili tu: kusukumwa pembeni au kupita ndani ya mifereji ya kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya milimita 8 hivi. Ikibaki milimita 2, inajaa mara moja, maji yanajirundika mbele ya tairi kama kabari na kulinyanyua. Noah yako, kama ni ya kuvuta kwa mbele, hapo tairi halina cha kung'ata: linazunguka bure, ndiyo maana injini ilipaza sauti na usukani ukakosa uzito.

Barabara nayo inachangia. Njia ya Mingoyo kwenda Masasi inapitisha malori ya makaa ya mawe, saruji na korosho. Pale lami inapobonyea kwenye njia za magurudumu yao, mvua inaacha mitaro miwili iliyojaa maji, na dereva wa gari dogo kwa mazoea anaingia humo humo. Ukiona mistari miwili inayong'aa mbele yako, sogea kidogo ndani ya upande wako ili matairi yapite pale palipoinuka.

Sasa pima kashata. Kila tairi lina vijituta vidogo vya mpira ndani ya mifereji mikuu, na ubavuni kuna alama ya TWI au pembetatu ndogo inayoonyesha vilipo. Kashata ikilingana na kijituta, imebaki milimita 1.6. Huo ni mpaka wa kisheria katika nchi nyingi, lakini kwa mvua umeshachelewa. Kwa gari la abiria linalokwenda mwendo wa barabara kuu, mimi ningeanza kutafuta matairi mengine ikifika milimita 3. Kama huna geji ya kashata, chomeka kijiti cha meno kwenye mfereji, bana kwa ukucha pale kinapotokeza, kisha kipime kwenye rula. Pima ndani, katikati na nje, na urudie sehemu tatu au nne za mzunguko. Madereva wengi hutazama upande wa nje tu kwa sababu ndio unaoonekana bila kuinama, kumbe wa ndani umeshakuwa kipara.

Ulaji huo nao unasema kitu. Ukila mabega yote mawili, gari limetembea na upepo mdogo. Ukila katikati, upepo ulizidi. Ukila upande mmoja, hasa wa ndani, alaimenti (ulinganifu wa magurudumu) imeharibika au bushi na boli jointi za chini ya gari zimechoka, na matairi mapya ukiyafunga hapo yataliwa vivyo hivyo. Mabonde mabonde kuzunguka tairi mara nyingi ni shokapu iliyokufa, na shokapu iliyokufa kwenye maji ni hatari yenyewe, maana tairi linadundadunda badala ya kukandamiza.

Nije kwenye upepo, kwa sababu ushauri wa fundi wa kwanza ndio ulioniogopesha zaidi. Inaonekana ni jambo la akili: tairi lenye upepo mdogo linalala, linagusa eneo kubwa, basi litashika zaidi. Kwenye mchanga ni kweli. Kwenye lami yenye maji ni kinyume chake. Kinachoyafukuza maji chini ya tairi ni mgandamizo, na mgandamizo huo unakaribiana na upepo uliomo ndani. Tena tairi lililolegea hujikunja katikati, mifereji ikabanana.

Miaka ya 1960 watafiti wa NASA huko Marekani walichunguza ndege zinavyoelea kwenye njia zenye maji, wakapata kanuni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha upepo kwa psi (kipimo cha upepo kinachotumiwa na mafundi wetu), zidisha kwa 10.35, unapata mwendo wa kuelea kwa maili kwa saa. Ukigeuza kuwa kilomita, psi 33 inakupa kama 95, psi 25 inakupa 83, na psi 20 inakupa kama 75. Kanuni hiyo ni ya matairi ya ndege, na gari lenye kashata zilizolika linaweza kuelea mapema zaidi, kwa hiyo usiichukue kama kibali cha kwenda 90. Ila mwelekeo wake hauna ubishi: ukishusha hadi 25 unajisogezea mwendo wa kuelea hadi karibu kabisa na mwendo unaotembea kila siku.

Upepo sahihi uko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa, na mafundi wetu wanapima kwa psi: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Ukipima saa nane mchana umetoka Masasi, tairi la moto litaonyesha psi 4 au zaidi juu ya kiwango. Usizitoe. Zikitolewa, kesho asubuhi unaanza safari na upepo pungufu.

Kuchonga nako kuna hesabu yake. Chini ya mfereji wa tairi la gari dogo kuna mpira wa milimita 2 hivi tu kabla ya kufika kwenye nyaya za chuma. Fundi akikuongezea mfereji wa milimita 3, kisu kimeshafika kwenye waya. Kwa siku chache za mwanzo maji yatapita vizuri kweli, na hapo ndipo ushauri huu unapopata wateja. Kisha maji na chumvi ya hewa ya pwani huingia, nyaya zinashika kutu, joto linafanya mpira uachane na waya, na siku moja kashata nzima inabanduka kwenye mwendo, kwa kawaida gari likiwa limejaa. Matairi yanayoruhusiwa kuchongwa ni ya malori na mabasi yaliyotengenezwa na mpira wa ziada, yameandikwa REGROOVABLE ubavuni. La Noah halimo.

Haya, STUDLESS. Jamaa hadanganyi kwamba kashata zake ni ndefu, ila hilo si tairi la mvua. Ni tairi la theluji na barafu, lile lisilo na misumari ya chuma. Jina lake linatokana na hilo. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini kwenye baridi kali. Ukiutembeza kwenye lami yetu yenye joto unalainika kupita kiasi. Ukitazama kashata zake utaona mikato mingi membamba kama ya wembe. Mikato hiyo inang'ata barafu, lakini kwenye lami inafanya kashata ziyumbe. Likiwa jipya, pengine lisingeelea haraka, maana mifereji ni mirefu. Tabu ni kusimama na kukata kona: kwenye lami yenye maji, breki yake ni ndefu kuliko ya tairi la kawaida lenye hali ileile, na linaisha upesi. Lina hata kijituta cha pili, kinachofikiwa kashata ikiwa imelika nusu. Likifika hapo, Mjapani halitumii tena kwenye theluji, ingawa kwa macho linaonekana zima. Chungulia na tairi lako la spea. Gari la mtumba linaweza kuja na la aina hiyo humo bila mnunuzi kujua.

Ukitaka mtumba kwa sababu ya mfuko, nunua la kiangazi na ulikague. Tarehe ya kutengenezwa iko kwenye namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Likivuka miaka mitano, lichunguze kwa ukali. Mpira mgumu hauishiki lami yenye maji hata kashata ziwe ndefu. Pitisha mkono ndani: ukikuta mkanda uliosuguliwa au unga mweusi kuzunguka ubavu, lilitembea bila upepo, liache.

Kwa mapya, tafuta 195/65R15 yenye namba 91 au zaidi, maana 91 ni kilo 615 kwa tairi na wewe unabeba watu. Kama lina maandishi ya kipimo cha Marekani, neno TRACTION likifuatwa na AA au A ni zuri, B linavumilika, C usiguse. Kipimo hicho ni cha breki ya moja kwa moja kwenye maji. Hakisemi lolote kuhusu kona wala kuelea, kwa hiyo tazama pia mifereji: mikuu mitatu au minne iliyonyooka kuzunguka tairi, yenye njia za kutolea maji pembeni. Namba kubwa sana ya TREADWEAR (kipimo cha kudumu kwa tairi) mara nyingi ni dalili ya mpira mgumu unaodumu. Dereva wa abiria anaipenda, mvua haiipendi.

Likiwa na mshale wa ROTATION, hakikisha unaelekea mbele gari linapokwenda. Kashata za umbo la V zikifungwa kinyume zinakusanya maji katikati badala ya kuyatoa, na kosa hili linafanyika kila siku pale fundi anapohamisha matairi kwa haraka. Likiandikwa OUTSIDE, upande huo utazame nje.

Fedha ikitosha mawili tu, yenye kashata nzuri yafunge nyuma. Najua utabisha, maana mbele ndiko kunakovuta na kukata kona. Lakini mbele ikiteleza, unahisi kwenye usukani, unaachia mafuta, inarudi. Nyuma ikiteleza, gari linajigeuza kabla hujafikiri. Na mawili ya mbele yakiwa chini ya milimita 3, hayo mapya mawili hayakuruhusu kwenda 80 kwenye mvua.

Mwendo ndio dawa isiyouzwa. Kwa lami kavu na tairi zuri, breki kutoka 80 inakula kama mita 36. Mshiko ukipungua nusu kwa maji, inakuwa 72. Hapo hujahesabu mita 22 unazopita kwa kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye breki. Shuka hadi 60, zile 72 zinakuwa kama 40. Likielea tena, achia mafuta taratibu, shika usukani wima, usikanyage breki wala kugusa gia mpaka usikie uzito umerudi mkononi. Ukikata usukani wakati linaelea halitageuka, lakini litakapogusa lami litaruka kuelekea ulikokata. Mvua za kwanza za Novemba nazo zina utelezi wa aina yake: mafuta na vumbi la kiangazi kizima vinageuka ute juu ya lami, na gari linaweza kuteleza hata kwenye 40.

Fundi wa kwanza hakukosea kila kitu. Kwenye mchanga mzito au tifutifu, vijijini nje ya lami, kushusha hadi psi 20 kunalisaidia gari kutojichimbia, mradi uende polepole na usikate kona kwa nguvu, tairi lisichomoke kwenye rimu. Beba kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, na urudishe upepo wa kwenye stika pale pale unapoikuta lami, kabla ya kukanyaga mafuta.