Wadogo zangu mnaoanza fasihi, msiishie kusema Gatsby ni riwaya nzuri

Insha yangu ya kwanza chuoni kuhusu The Great Gatsby ilianza hivi: "Riwaya hii inapendwa kwa sababu ni nzuri." Mwalimu alipigia mstari "inapendwa" kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: Tangu lini? Sikumwelewa mpaka nilipokwenda maktaba kufuatilia historia ya kitabu chenyewe.

Kilitoka New York tarehe 10 Aprili 1925, nakala 20,870. Agosti wakachapa 3,000 zaidi, na mwandishi wake, F. Scott Fitzgerald, alipofariki Desemba 1940, akiwa na miaka 44, baadhi ya hizo 3,000 zilikuwa zingali ghalani. Uzuri ulikuwemo muda wote ule. Wasomaji ndio hawakuwepo. Mwaka 1941 mhakiki Edmund Wilson, rafiki yake tangu chuoni, alikitoa upya pamoja na riwaya ambayo marehemu hakuimaliza. Kisha Vita vya Pili vya Dunia. Wanajeshi wa Marekani waligawiwa bure vitabu vidogo vya kutia mfukoni, na Gatsby peke yake ilikwenda nakala zaidi ya 100,000. Baada ya hapo ikaingia madarasani, tena ni nyembamba, sura 9 tu. Huo wembamba msiudharau: kitabu kinachomalizika ndani ya muhula mmoja hufundishika.

Kwa hiyo mkiulizwa kwa nini kitabu fulani kimedumu, anzeni na nani alikisoma, lini, na kilimfikiaje.

Ila msikomee hapo kama nilivyokomea mimi mwaka wa pili. Wanajeshi wale waligawiwa vitabu vya aina zaidi ya 1,000, na vingi leo hakuna anayevitaja. Kwa nini hiki kikabaki? Mimi jibu nililipata kwa msimulizi, Nick Carraway. Mwisho wa sura ya 3 anajisifu kwamba yeye ni mmoja wa watu wachache wakweli aliowahi kuwajua. Sasa rudini mistari michache tu nyuma: ametoka kukiri kwamba kila wiki anamwandikia msichana wa kwao barua za mapenzi, na huku amevutiwa na mwanamke mwingine, Jordan Baker. Nilisoma mara mbili nikapita bila kushtuka. Mara ya tatu nikaiweka chini. Kama Nick hajijui mwenyewe, habari za Gatsby, mhusika mkuu, anazotusimulia kwa mapenzi makubwa hivi tuziamini kiasi gani? Tangu siku hiyo kila nikirudia nakuta kitabu kingine.

Hakimiliki yake Marekani iliisha 1 Januari 2021, kwa hiyo matini kamili inapatikana bure mtandaoni. Msihangaike na muhtasari. Someni mara ya kwanza bila kalamu, mfurahie tu. Mara ya pili shikeni penseli. Ukurasa wa kwanza Nick anatuambia hana tabia ya kuhukumu watu. Wekeni alama kila mahali anapohukumu, halafu ndipo mkae kuandika insha.