Re: Kuku anayelalia anadonoa vifaranga nilivyomwekea

Habari mkuu. Kwahiyo tetea kakaa kwenye mayai siku nne tu, ukamwekea vifaranga wa dukani mchana, akawadonoa. Cheki kwanza kama kweli ameshika kulalia, siku nne ni chache, mwache aatamie kama wiki mbili tatu hivi ndo umjaribu. Vifaranga wawe wa siku moja au mbili, wakubwa hawamfuati mama. Waingize usiku gizani, mmoja mmoja chini ya bawa huku unatoa mayai, halafu alfajiri uwepo pale maana akiwaona kwa mwanga ndo anaamua, akidonoa kichwani watoe haraka uwaweke chini ya taa ya joto. Na mkague tetea kama ana utitiri (vijidudu vinavyonyonya damu) kabla, huwa vinamaliza vifaranga kimyakimya. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku wa Newcastle) usiruke.